Mikoa Yote Aliyoikataa Mzee

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimelinunua jana sokoni Bondeni, na sikulinunua kwa ajili ya Lusungu wala shule yake. Nimelinunua kwa ajili ya baba yake. Kuanzia leo kila mkoa Jonasi atakaoutaja nitauandika humu pamoja na tarehe, ili kesho akisema "sijawahi kusema hivyo, Tumpale," nimfungulie ukurasa nimsomee.

Maana nimechoka, jamani. Mwaka juzi maji yalichukua mpunga. Mwaka jana yakauacha mpunga, yakachukua kuku, choo na ukuta wa jiko. Msimu huu nimeshapanda mara mbili na masika yenyewe bado hayajakolea. Makwale ni kwetu na udongo wake sina neno nao, lakini udongo mzuri ukiwa chini ya maji unakuwa mali ya kambale.

Krismasi tulikubaliana mimi na mume wangu, kwa midomo yetu: tunahama. Tunatafuta mahali penye mwinuko na maji ya mwaka mzima, tuweke migomba, mahindi, maharage, ng'ombe wawili wa maziwa, kuku, na kabwawa ka samaki. Tule vya kwetu, dukani twende kwa chumvi na viberiti tu. Fedha ya kakao ipo kwa kazi hiyo. Kilichobaki ni kuchagua mkoa. Kuchagua tu! Mwezi wa tatu huu.

Leo Jonasi kasema Katavi. Nimeandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimepalilia mpaka mgongo ukagoma.

Ijumaa, 7 Machi

Katavi imekufa. Imeishi siku tano.

"Mzee kakataa," kasema Jonasi huku anavua viatu, bila hata kunitazama. "Kasema kule atazikwa na fisi."

Nimemuuliza kama alimweleza baba yake vizuri, juu ya ukubwa wa mashamba na mvua za kule. Kasema kaeleza yote. Sasa mimi nitajuaje? Mimi na Mzee hatusemezani. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe hawakutani. Njia moja hawapiti, uso hawatazamani, na jina lake silitamki. Hata humu sitaliandika, ndiyo maana naandika Mzee. Yeye anakaa ng'ambo ya migomba, mimi huku. Chakula chake anapeleka Lusungu. Akinisikia nakwenda kisimani anaingia ndani na kufunga mlango mpaka nipite, nami nikisikia kikohozi chake najitosa kwenye migomba. Siku hizi wengi wameacha. Jirani yangu Mama Nancy anakula meza moja na mkwe wake na hakuna aliyevimba tumbo. Lakini mimi nilifundishwa na marehemu mama mkwe, na yule mama nilimpenda, basi nimeshika. Mwaka wa kumi na nne sasa.

Ila leo nimeona ubaya wake. Neno lolote la Mzee linanifikia kwa mdomo wa Jonasi, na langu linakwenda hivyo hivyo. Nikitaka kubishana na Mzee nabishana na hewa.

Jumapili, 9 Machi

Wifi yangu Felista kaja baada ya ibada, na mzigo wake wa vitenge kutoka Karonga, Malawi. Mume wake ni wa huko, biashara yake iko Bondeni, na mdomo wake uko kila mahali.

"Hamieni Karonga," kasema. "Ziwa ni lile lile, dagaa wa usipa ni wale wale, mtabadili bendera tu."

"Na mafuriko?"

"Na mafuriko ni yale yale," akacheka mpaka akakaa chini.

Nami nilicheka, lakini nikaandika: Karonga, mtaja ni Felista, si Jonasi. Jonasi leo hakutaja chochote. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, jembe ambalo halikuwa bovu.

Alhamisi, 13 Machi

Rungwe! Kaitaja mwenyewe, mezani, tunakula ndizi. Karibu, kuna migomba, kuna maziwa, na kanisa ni lile letu. Nimemwambia Jonasi, hapo umenena, mume wangu, kesho kamwambie Mzee.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee kakataa Rungwe. Baridi itamuua.

Mzee aliyeoga mtoni kila asubuhi maisha yake yote, leo baridi itamuua. Kyala, Mungu wangu, nipe uvumilivu. Nimempikia samaki mbasa wa nazi, na nilipokuwa namkabidhi Lusungu bakuli nilijikuta nimelishika muda mrefu. Nilitaka kumwambia mtoto: mpelekee babu yako, mwambie hata mama yako anaumwa na baridi, anaumwa na maji, anaumwa na nyinyi. Sikusema. Nilimwekea Mzee kipande cha kichwa, anachokipenda.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua usiku kucha. Jaruba la mpunga la chini limejaa. Jonasi kasema Ruvuma, nikaandika bila kuinua kichwa.

Jumatano, 19 Machi

Ruvuma hapana. Mzee.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nina furaha, acha niandike taratibu. Kaka yangu Eliya kapiga simu kutoka Mlimba. Yuko kule mwaka wa tisa, analima na kufuga, na jirani yake anarudi kwao Iringa na anauza shamba. Eka nane. Liko mlimani, si kule bondeni kwenye mpunga kunakojaa maji. Migomba tayari ipo, miembe miwili, nyumba ya vyumba vitatu, na chemchemi ambayo Eliya hajaiona ikikauka hata kiangazi cha mwaka ule mbaya. Bei tunaiweza. Katuma picha, na Lusungu na mdogo wake Kisa wamezitazama mpaka chaji ikaisha.

"Lakini Tumpale," kasema Eliya, "mtu huyu ananiheshimu mimi, ndiyo maana anasubiri. Mwisho wa Aprili. Baada ya hapo anampa yeyote."

Nimemweleza Jonasi. Kaangalia picha, kasema, "Pazuri." Halafu akatoka kwenda kutazama mvua, kana kwamba hajawahi kuiona.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemkalia kooni mpaka kakubali kwenda kupaona. Jumatatu anapanda gari hadi Mbeya, halafu treni. Nimemfungia maandazi na mayai ya kuchemsha. Nimemfungia na maneno pia: tazama chemchemi, tazama udongo, uliza majirani, usirudi na "pazuri" peke yake.

Jumatano, 2 Aprili

Karudi. Kapaona. Udongo mweusi, chemchemi inatoka yenyewe chini ya jiwe, majirani watu wa watu, wengine Wanyakyusa wenzetu. Nilishaanza kupiga vigelegele moyoni.

"Ila," kasema.

"Ila nini tena?"

"Chemchemi ni moja. Na njia ya kwenda majini ni moja. Wewe na Mzee mtapishana wapi? Mimi nitasimama katikati kama trafiki?"

Jamani! Nimekaa nimemtazama mume wangu huyu niliyeolewa naye kanisani. Nimemwambia, njia inakatwa na panga, Jonasi. Panga tunalo. Unakata njia moja ya mkwe na nyingine ya mkwe mwenziwe, kazi ya nusu siku! Kasema si rahisi hivyo. Nimemwambia rahisi ni kulala juu ya meza kila Aprili. Tumegombana mpaka Kisa akaanza kulia, tukaacha.

Usiku nimechora humu, ukurasa wa nyuma. Nyumba yetu chini ya migomba. Nyumba ya Mzee juu, mlango ukitazama jua linapotoka. Njia yake inashukia upande wa miembe, yangu inazunguka nyuma ya zizi. Haziwezi kukutana hata zikitaka. Kesho asubuhi nitauchana ukurasa nimpe Jonasi ampelekee Mzee aone kwamba nimemfikiria.

Alhamisi, 3 Aprili

Mzee kautazama mchoro, kausukuma pembeni. Hivyo ndivyo Jonasi anavyosema. Kautazama, kausukuma.

Sijawahi kumchukia mzee wa mtu, na sitaki kuanza leo, lakini leo chakula chake nimekipika bila kuonja chumvi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, na Jonasi anasema labda Mbarali. Sikuandika tena mengine.

Jumatatu, 14 Aprili

Mpunga ulikuwa unaanza kuchanua. Leo naona ncha tu. Nilisimama ukingoni na Mama Nancy, kila mtu anatazama jaruba lake. Eliya kapiga: "Dada, vipi?" Nimemwambia Mzee anafikiria. Kasema, "Mzee gani anafikiria mwezi mzima?" Nikasingizia mtandao.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Niko kwa Felista, Bondeni, nimevaa gauni lake linalonibana kifuani. Daftari limepona kwa sababu lilikuwa kwenye ndoo ya mfuniko pamoja na vyeti vya watoto. Nitaandika yote kwa mpangilio kabla hasira haijanivuruga.

Jumamosi asubuhi Jonasi aliwachukua Lusungu na Kisa kwenda mjini kununua viatu vya Pasaka. Saa sita barabara ikakatika nyuma yao. Saa nane maji yalikuwa kizingitini kwangu, ya rangi ya chai, yanaingia bila hodi. Nikabeba ndoo ya vyeti, blanketi na unga nikapeleka kwenye ghala la kakao, ambalo msingi wake wa zege unanifika kiunoni. Nilipoweka mzigo wa pili ndipo nilipokumbuka: Mzee! Goti lake la kulia bovu, hatembei bila fimbo, na leo Lusungu hayupo, Jonasi hayupo, hakuna mtu yeyote kati yake na mimi.

Nikaenda mpaka kwenye migomba, pale ninapoishia siku zote, nikapiga sufuria kwa mwiko ili ajue kuna mtu. Nilitegemea atoke. Badala yake nikasikia mlango unafungwa na komeo linaingia.

Halafu nikaelewa, nikataka kulia. Alisikia mwanamke, akajua ni mimi, akajifungia ili nipite! Maji yananifika magotini na mzee wa watu amejitia komeo kwa heshima yangu.

Nikapiga tena. Nikapaza sauti huku nimegeukia pembeni, kana kwamba naiambia migomba: "Kuna maji! Maji yanakuja!" Mvua ilikuwa inapiga bati, asingesikia hata tarumbeta. Nikasema Kyala nisamehe, mama mkwe popote ulipo nisamehe, nikavuka migomba, nikaupiga ule mlango kwa ngumi mbili.

"Baba, fungua. Ni mimi."

Ndipo nikaisikia sauti yake karibu kwa mara ya kwanza, sauti ya pole kuliko nilivyodhani.

"Pita, mama. Mimi nimekupisha."

"Sipiti, baba! Nimekuja kukuchukua!"

Sijui alisimama upande wa pili akiwaza nini. Nilihesabu mpaka ishirini. Komeo likatoka, nami nikageuka haraka nikaupa mlango mgongo. Nikafungua kitenge cha juu, nikarusha ncha moja nyuma. "Shika hapo, baba. Usiachie." Tukaenda hivyo, mimi mbele sigeuki, yeye nyuma. Kitenge kikivutwa najua goti limekataa, nasimama. Kikilegea naenda. Kutoka kwake hadi ghalani ni hatua mia, tulitumia karibu saa nzima, na mahali pamoja maji yalinifika kifuani nikasikia nyuma yangu anaimba wimbo wa kanisa kwa Kinyakyusa, polepole, wa kujipa moyo.

Ghalani yeye alikaa upande mmoja wa magunia ya kakao, mimi upande wa pili. Nikamsukumia blanketi kwa juu. Nilisikia meno yake yanagongana.

"Mama Lusungu," akasema. "Ndaga fijo."

"Asante ya nini, baba."

"Najua mimi ni mzigo. Hata huko mnakokwenda, nilishamwambia Jonasi msihangaike. Kama hutaki kwenda na mzee, nitabaki kwa Felista. Sitakulaumu."

Nilidhani baridi imempanda kichwani. "Nani hataki kwenda na mzee?"

"Jonasi aliniambia. Katavi ulisema huwezi kulea mzee porini."

"Baba! Katavi ulikataa wewe. Ulisema utazikwa na fisi."

"Mimi?" Magunia yakatikisika. "Mimi Katavi niliikubali siku ile ile!"

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini nilifungua ndoo nikatoa daftari hili, nikamsomea kwa mwanga wa mlangoni. Tarehe na mkoa.

"Tarehe kumi na nne Machi. Rungwe. Baridi itakuua."

"Uongo. Baridi naivalia koti."

"Tarehe kumi na tisa. Ruvuma."

"Ruvuma sijaisikia kabisa. Leo ndiyo kwanza naisikia."

"Tarehe tatu Aprili. Nilikuchorea njia zetu mbili kule Mlimba, ukausukuma mchoro."

Halafu akasema, "Mchoro sikuletewa. Na Mlimba naijua, mwanangu. Nilikuwa kijana tulipojenga reli na Wachina, nilikaa kule miaka mitatu. Jonasi alipotaja Mlimba nilimwambia hata leo jioni twende. Njia mbili za nini? Chemchemi ni moja, asubuhi chota wewe, jioni nichote mimi."

Nilianza kucheka. Naye akacheka, kicheko cha kukohoa, mvua inapiga na maji yanapita chini yetu na masufuria yangu. Halafu mimi nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa hasira tupu. Mwezi na nusu namwekea kinyongo mzee wa watu, naye ananiwekea, na tuliyemtuma anakula ndizi zetu katikati. Sikuonja chumvi ya chakula chake! Nilimwambia hilo pia. Akasema siku ile alidhani chumvi imeisha dukani.

Saa kumi na mbili jioni mume wa Mama Nancy alikuja na mtumbwi. Alitukuta tunazungumza, akabaki ameshika kasia hewani. Mzee akamwambia, "Tazama unapokwenda. Kusema tumesema. Kutazamana bado."

Jumanne, 22 Aprili

Jonasi nilimkuta hapa hapa kwa dada yake, macho mekundu. Barabara ilimkwamisha siku mbili, nasi tulilala kanisani mpaka ilipopitika jana; alijua tumekufa. Alipotuona alipiga magoti matopeni. Hilo namwandikia, ni haki yake.

Lakini leo nimemkalisha. Mzee yuko chumbani, mlango wazi, mimi na Jonasi barazani, Felista kajifanya anachambua mchele. Nimemwambia, nani alikataa Katavi?

Alizunguka mbuyu weee. Mara ilikuwa kutoelewana, mara Mzee anasahau. Mzee akamwita kutoka ndani: "Jonasi! Mimi sijasahau hata jina la Mchina aliyenifundisha kupiga nati!" Felista akaangua kicheko, akakimbilia jikoni.

Ndipo Jonasi aliposema. "Mimi ndiye sitaki kuhama. Mama amelala pale. Nimezaliwa pale. Wewe ukishaanza kusema husimami, na baba ni baba, nitamwambia nini? Nikaona nimpe kila mmoja sababu ya mwenziwe, mvua zitapita, mtasahau."

"Unge-ni-am-bi-a!" Nimelitamka hivyo, vipande vipande, majirani wote wamesikia.

"Uliniuliza lini?" kasema. "Miaka kumi na minne mimi ndiye mlango wenu. Baba anapita, wewe unapita. Hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza mlango unataka nini."

Niliondoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Usiku huu nimerudi ukurasa wa kwanza nikasoma nilipoandika "tulikubaliana kwa midomo yetu." Krismasi ile nilisema tunahama, yeye akanyamaza, nikamhesabia kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Mdomo ulikuwa mmoja, wangu. Hilo limeniuma, naliandika. Lakini uongo ni uongo, na watoto wangu wangeweza kuwa ndani ya nyumba ile Jumamosi.

Ijumaa, 25 Aprili

Eliya: kuna mtu kutoka Ifakara kalitazama shamba mara mbili. Jonasi anasema tusubiri, maji yakishuka tutaona. Nimemwambia niambie hutaki. Kasema tusubiri.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzee kaniita. Kaita kwa sauti, "Mama Lusungu!", mbele ya watu wa nyumba nzima. Nikaenda nikasimama pembeni ya mlango, naye akiangalia ukuta, mimi nikiangalia kuku wa Felista.

"Umeichagua Mlimba?"

"Nimeichagua, baba."

"Basi mpigie kaka yako. Ng'ombe wangu wamebaki watatu, wako juu kwa mdogo wangu, maji hayakuwafikia. Wawili wataongezea nauli na mbegu. Hati nitaweka dole mimi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Jonasi, mimi na mke wako tunakwenda Mlimba. Wewe kama unataka kubaki na kambale, baki."

Jonasi alitoka nje bila kofia. Mimi nilipiga simu, nikakosea namba mara mbili. Eliya kamfuata mwenye shamba usiku huo huo. Kasema ndiyo, ni letu.

Ilipaswa nifurahi. Nilikaa chooni nikalia kidogo, maana nilipanga kuhama na mume, si na mkwe.

Jumatatu, 5 Mei

Maji yameshuka. Nyumba imebaki kuta mbili. Jonasi anasafisha tope kwa koleo, peke yake, asubuhi mpaka jioni. Nilimpelekea chakula. Tulikula pamoja. Nilimuuliza, "Unataka nini, Jonasi?" Nimemuuliza kweli, nikanyamaza kabisa, mimi! Akasema, "Sijui." Nikasubiri. Akarudi kwenye koleo lake.

Jumapili, 11 Mei

Kesho tunaondoka. Watoto watabaki na Felista mpaka shule zifungwe. Felista kanipa kitenge cha Malawi na kicheko kimoja: "Wifi, umetoroka na baba yangu!" Mchungaji katuombea. Jonasi alikuwa benchi la nyuma.

Alhamisi, 15 Mei, Mlimba

Garini Mzee alikaa mbele, mimi nyuma. Kwenye treni vivyo hivyo, behewa moja, viti vya kupeana mgongo. Amenionyesha daraja alilolijenga, yaani kasema kwa sauti "lile pale," nami nikajua ni mimi naambiwa.

Pazuri. Sina neno jingine, na nilimkataza Jonasi kulitumia. Chemchemi ni baridi mpaka meno yanauma.

Jumanne, 20 Mei

Nimepanda maharage. Mzee kapalilia migomba akiwa amekaa kwenye kigoda, anakisogeza na fimbo. Asubuhi nachota mimi, jioni anachota yeye. Tunasemezana kwa kupitia ukuta wa jiko, na ana maneno mengi yule mzee! Ni kama alikuwa anayaweka akiba. Anataka bwawa la samaki liwe upande wa juu, mimi chini. Tumebishana siku nzima, na mimi leo nimefurahi kuliko sikukuu.

Jonasi hajapiga.

Jumapili, 25 Mei

Hajapiga. Felista anasema amejenga tena ukuta wa tatu. Anasema pia haongei na mtu. Nikilala nageukia upande wake, nakuta gunia la mbegu. Namkasirikia mpaka nachoka, halafu namwonea huruma, halafu nakumbuka ule mlango uliofungwa na maji magotini, naanza upya kumkasirikia.

Jumapili, 1 Juni

Leo jioni simu ya Mzee imelia. Nilikuwa jikoni, yeye nje kwenye kigoda, ukuta katikati. Nikamsikia anasema, "Ee, Jonasi. Mwagonile." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Ee. Ee. Nimwambie nini?" Akasikiliza tena.

Halafu akasema, "Hapana. Mwambie mwenyewe," na mkono wake ukapita dirishani, uso wake ukitazama milima, simu ikiwa kwenye kiganja.

Niliichukua. Nilisema haloo. Nilimsikia anapumua, nikasikia na vyura wa kwetu nyuma yake. Nikauma midomo nisiseme neno, maana najijua. Nilisubiri mpaka ndizi zikaanza kuungua, sikuzigeuza.

"Tumpale," akasema. "Mimi naogopa."

Miaka kumi na minne nimeletewa kila neno na mtu huyu, na hili ndilo la kwanza lililokuwa lake mwenyewe. Nilitaka kumwambia mengi, mengine makali, ninayo yameandikwa humu yote kwa tarehe.

"Basi njoo uogopee huku," nikamwambia. "Kuna kazi."